Pigo la Pili

Siku ninayoikumbuka kuliko zote katika ujana wangu, mwanangu, ilikuwa siku ya kazi tu, saa nne asubuhi, na mie nilikuwa uani natwanga kisamvu. Jua lilikuwa limeshaanza kuchoma. Nguo za mtoto nilikuwa nimezianika juu ya ua wa minyaa, na redio ilikuwa inaimba peke yake chumbani. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kama ungeniuliza asubuhi ile iwapo naweza kumuua mtu, ningekucheka.

Nayasema haya kwa sababu ya Idi, mjukuu wangu. Mwezi uliopita alitualika kwake Pugu tukaione nyumba yake mpya, vyumba viwili na sebule. Nje bado haijapigwa plasta, lakini ni yake, kaijenga kwa jasho lake. Tulipokwisha kula, akanishika mkono akanionyesha panga alilolisimamisha nyuma ya mlango, limenolewa mpaka linang'aa.

"Bibi," akasema, "kwangu hapa mtu akiingia, hatoki."

Rafiki zake wakacheka, wakagongesha mikono. Mkewe, ambaye ana mimba ya miezi saba, naye akacheka kidogo. Mie sikucheka, wala sikusema neno, maana si adabu kumkosoa mwenye nyumba mbele ya wageni wake. Lakini tangu siku ile maneno yale yamenikaa kooni. Basi nayatoa sasa, kwake yeye na kwako wewe uliye rika lake.

Wakati ule tulikuwa tunakaa Boko. Usiifikirie Boko ya leo, yenye mageti na maduka. Ilikuwa vichaka, nyumba moja hapa, nyingine kule. Ukipiga kelele jirani atakusikia, lakini mpaka akufikie, jambo limeshatokea. Mume wangu alikuwa mchonga vinyago. Alikuwa anaondoka alfajiri kwenda kwenye banda la wachongaji, anarudi jioni ana vumbi la mpingo mpaka kwenye kope. Mchana tulikuwa tunabaki watatu: mie, binti yangu Zuhura aliyekuwa na miezi kumi, na mama mkwe wangu, Bi Salima, aliyetoka Newala kuja kunisaidia kulea. Alikuwa mwanamke mfupi, mkimya, anayeweza kukaa nawe kutwa nzima na kusema maneno matano. Nakiri, mwanangu, nilikuwa namwona mshamba. Nilidhani mtu asiyesema sana hana la kusema.

Yule mtu hakupiga hodi. Hilo ndilo lililonishtua, kabla hata sijaliona panga lake. Alipenya pale ua ulipokuwa na upenyo, kijana wa umri wangu, amevaa shati la kaki lililochanika begani. Zuhura alikuwa ameketi kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwangu. Yule mtu alimfikia kabla yangu. Akamnyanyua kwa mkono mmoja kama unavyonyanyua kuku, akamwekea panga shingoni.

"Ukipiga kelele namkata."

Nilikuwa nimeshapiga ukelele mmoja, umenitoka wenyewe. Baada ya hapo sauti ikakauka.

Bi Salima akatoka jikoni anafuta mikono kwa kanga yake. Akatazama. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Baba, usimuumize mtoto. Sema unachotaka, utapewa."

Akasema anataka redio na cherehani. Utashangaa nikikwambia kwamba pamoja na panga lile shingoni kwa mwanangu, nilifungua mdomo kutaka kumwambia cherehani ni zawadi ya harusi kutoka kwa baba yangu. Ndivyo mtu anavyokuwa. Akili inakimbilia kwenye vitu. Bi Salima akanitupia jicho moja tu, nikafunga mdomo. Akaingia ndani mwenyewe, mama mtu mzima yule, akaitoa redio, kisha akaburuta cherehani mpaka uani, akaviweka miguuni kwa yule mtu, na fungu la kanga zetu juu yake.

"Vyote hivyo ni vyako," akasema. "Tupe mtoto wetu, uende zako. Hatutakufuata."

Nikadhani yamekwisha. Lakini yule mtu hakuvitazama hata vile vitu. Akanitazama mie, toka juu mpaka chini, akasema, "Wewe, ingia chumbani. Mtoto nitampa bibi ukishaingia."

Bi Salima akasogea mbele. "Hapana. Hilo halimo."

Akamshika Zuhura kiunoni kwa mikono miwili akamvuta. Mtoto akalia. Yule mtu akamwachia mtoto ili apate nafasi ya mkono, na panga likapanda juu ya kichwa cha mama mkwe wangu. Nililiona likipanda. Mpaka leo, nikifumba macho, naliona.

Muda wote huo mchi ulikuwa mikononi mwangu. Sikuwa nimeuweka chini, na yeye hakuuhesabu. Machoni pake kilikuwa chombo cha kutwangia mboga. Niliuinua kwa mikono miwili nikampiga upande wa kichwa, kwa nguvu zangu zote, bila kupunguza hata chembe. Akaanguka kama gunia. Panga likadondoka. Bi Salima, mtoto kifuani, akalisukuma kwa mguu likaingia chini ya minyaa.

Pigo lile, mwanangu, silijutii. Sikulijutia siku ile, sijalijutia tangu hapo, na nikisimama mbele ya Mungu nitalieleza bila kuinamisha uso. Kama angekufa kwa pigo lile ningelia, ningesoma dua, labda nisingelala mwaka mzima, lakini nisingesema nilikosea. Vitu tulimpa. Njia ya kuondoka tulimwachia. Panga lilikuwa linashuka juu ya mtu, na hapakuwa na mlango mwingine wa kupitia.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye habari yenyewe.

Alikuwa chali, damu inamtoka sikioni, macho yako wazi ananitazama. Akainua mkono wa kushoto kujikinga uso. Mkononi hakuwa na kitu. Na mie nilikuwa sina hofu tena. Hofu ilikuwa imetoka, na mahali pake pameingia kitu kingine, kitamu. Naona haya kulitumia neno hilo, lakini ndilo la kweli. Kwa muda wa kupepesa jicho nilijiona mkubwa kuliko mtu yeyote duniani. Nikampiga tena. Mchi ukatua kwenye ule mkono, nikausikia mfupa ukivunjika.

Nikauinua mara ya tatu.

"Mama Zuhura!"

Sijawahi kumsikia Bi Salima akipaza sauti, si kabla ya siku ile wala baadaye.

"La kwanza ulimkinga mwanao, ukanikinga na mimi," akasema. "Hili unamkinga nani?"

"Atarudi!" nikamjibu. "Mama, huyu nikimwacha atarudi!"

"Leo hawezi hata kukaa kitako. Haya, mshike mwanao."

Akamsukumia Zuhura kifuani kwangu. Ilinibidi niuachie mchi ili nimpokee, maana huwezi kubeba mtoto na mchi kwa pamoja. Nikasikia moyo wa mwanangu ukidunda mbio kama wa ndege. Nikakaa chini mavumbini, nikaanza kulia.

Lakini siku yenyewe ilikuwa bado. Ule ukelele wangu wa kwanza ulikuwa umefika machimboni, kule walikokuwa wanavunja kokoto. Tukasikia miguu inakuja, na sauti, "Mwizi! Mwizi! Msimwachie!" Mbele yao alikuwa Kessi, jirani yetu, kijana mwenye mabega mapana na moyo mwema kabisa, aliyekuwa akinichotea maji nilipokuwa mjamzito. Mkononi alikuwa na dumu la petroli la mashine ya machimboni. Nyuma yake mtu mmoja alikuwa anabiringisha tairi.

Bi Salima alikuwa amepiga magoti karibu na yule mtu, anamfunga kichwa kwa kanga yake mwenyewe. Nikamsikia anamuuliza, taratibu, "Unaitwa nani?"

"Bakari."

"Wa wapi?"

"Kilwa."

"Mama yako yupo?"

Akaitikia kwa kichwa. Bi Salima akanigeukia. "Mie hapa mgeni, hawatanisikiliza. Wewe ndiye mwenye nyumba, na mtoto ni wako. Nenda kasimame pale kwenye upenyo."

"Mama, naogopa."

"Nenda hivyo hivyo na woga wako."

Nikaenda. Nikasimama pale ua ulipokatika, mtoto kiunoni, kanga imelowa machozi na maji ya kisamvu. Kessi akanifikia anahema.

"Pisha, shemeji."

"Sipishi."

"Si alitaka kumchinja mwanao? Unamtetea nini?"

"Alitaka. Nimeshampiga mimi mwenyewe. Yuko chini, hana silaha, ana mkono uliovunjika. Kazi imekwisha, Kessi."

"Haijakwisha! Leo kwako, kesho kwangu. Hawa watu dawa yao ni moja."

Wenzake wakapiga makelele ya kumuunga mkono. Nikamwambia, na sijui maneno nilitoa wapi, "Anaitwa Bakari, ana mama yake Kilwa. Kama unataka kumchoma, pita, mchomee uani kwangu, mbele ya huyu mtoto. Lakini akikua akaniuliza mahali hapa palitokea nini, nitamtajia jina lako."

Kabla hajajibu, jiwe likaruka kutoka nyuma, likanipiga begani. Lilipita shubiri moja tu kutoka kichwa cha Zuhura. Kessi akageuka kwa ghafla kuwakabili wenzake. "Nani huyo? Nani katupa? Mnataka kutuulia mtoto?"

Na aliposimama vile, mgongo wake upande wangu na uso wake kwa kundi, nadhani mwenyewe alishangaa kujikuta yuko upande gani. Akatazama dumu mkononi mwake. Akaliweka chini, polepole, kama mtu aliyegundua amebeba kitu cha mtu bila ruhusa. Ndipo akafika mjumbe wetu wa nyumba kumi, mzee Lukindo, anahema kwa mbio, akaagiza mlango wa chooni ung'olewe uwe machela. Bakari akabebwa mpaka barabarani, akapakiwa kwenye gari la mchanga, akapelekwa hospitali chini ya ulinzi.

Jioni mume wangu aliporudi alihamaki. Akasema tungewaachia wammalize. Mama yake akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aende akamtazame binti yake kwanza. Akaenda. Alikaa kando ya kitanda cha mtoto muda mrefu, na alipotoka hakulisema tena lile neno.

Kesho yake tukaenda kituoni kuandika maelezo. Askari aliyeniandika alikuwa mtu wa makamo, hana haraka. Akaniuliza, "Ulimpiga mara ngapi?"

Ningeweza kusema mara moja. Nani angenibishia? Nikamtazama Bi Salima, naye akatazama sakafu. Aliniachia mwenyewe.

"Mara mbili," nikasema.

"Ya pili alikuwa amesimama?"

"Hapana. Alikuwa ameshaanguka. Panga hakuwa nalo."

Askari akaweka kalamu mezani. "Mama, nakuambia kama mtu mwenye watoto. Pigo la kwanza, sheria imesimama nyuma yako, hata angekufa palepale. Mtu anayekuja kuwakata watu nyumbani mwako, una haki ya kumzuia kwa nguvu itakayomzuia. Akishazuilika, haki hiyo inaishia hapo. Pigo la pili sheria haiko nyuma yako tena, imesimama katikati yenu wawili. Na lingekuwepo la tatu akafa, leo ningekuwa nakuandika wewe, si yeye."

Nilikaa na woga wiki nyingi. Kila nikiona gari lenye rangi ya polisi, nakimbilia ndani. Mwisho niliitwa nikaambiwa sitashtakiwa, nikaonywa, nikapewa tarehe ya kwenda kutoa ushahidi. Siku ile mahakamani nilimwona Bakari amesimama kizimbani, mkono wake wa kushoto umepona umepinda. Kwa alilotaka kutufanyia alistahili kifungo, na akafungwa. Lakini ule mkono ulikuwa kazi yangu, na sikuweza kuutazama mara mbili.

Nje, mwanamke mmoja mzee akanijia. Nilijua ni nani kabla hajasema. Akanishika mikono yote miwili.

"Umeniachia mwanangu," akasema.

Nikashindwa kuvumilia. "Mama, mkono ule nilimvunja akiwa ameshaanguka. Sikuwa na sababu."

"Najua. Ameniambia. Ameniambia pia ni nani aliyesimama kwenye ua na mtoto."

Hatukusema zaidi. Tulilia pale, watu wanapita wanatushangaa. Bakari baada ya kifungo alirudi kwao. Kama aliongoka au hakuongoka, sina habari, na sitakudanganya kwa kukutungia mwisho mzuri. Ninachokijua ni cha Kessi. Miaka ilipita, Boko ikajaa watu, na Kessi akawa mkuu wa vijana wa ulinzi wa mtaa. Nimemwona kwa macho yangu, zaidi ya mara moja, akimkinga mwizi kwa mwili wake na kuwafukuza wenye mawe. Katika mtaa ule, muda wote tuliokaa, hakuchomwa mtu. Siku moja walimkamata mtu ndani ya ua wa mwalimu mmoja, wakamfunga kamba, na kumbe alikuwa mgonjwa wa akili aliyepotea njia akitafuta kwa dada yake. Dada mtu alipokuja kumchukua, Kessi alinitafuta nyumbani ili anieleze tu. "Shemeji," akaniambia, "hebu fikiri."

Basi, mwanangu, sikwambii ulitupe panga lako. Mie si mtu wa kukwambia ukae ukitazama watu wako wanauawa. Itakapokuja saa ambayo mkeo, mtoto wako, mama yako au wewe mwenyewe uko chini ya silaha, na hakuna pa kukimbilia, piga. Usipige kwa kusitasita. Na wakikulaumu, njoo kwangu nikusimamie.

Ila cherehani mpe. Televisheni mpe, simu mpe, pikipiki mpe. Vitu hivyo vyote, hata uvilinganishe vipi, havifikii uzito wa kumuua mtu, na utaubeba uzito huo wewe, si yeye. Anayekimbia mwache akimbie, upige simu, upige kelele za kuomba msaada. Na mtu akiingia kwako, kabla hujainua chochote, paza sauti uulize ni nani. Wengi wanaoingia nyumba isiyo yao ni walevi waliokosea mlango, wagonjwa, vijana wa jirani wanaotoroka baba zao.

Utaniuliza, nitajuaje mpaka uko wapi, na moyo unadunda kiasi kile? Mie nimepewa swali moja tu na mwanamke niliyemwona mshamba, nakurithisha wewe: nikipiga sasa, namkinga nani? Ukipata jina, mke wangu, mwanangu, mimi, basi piga. Ukikosa jina, ukajikuta unasema "atakoma," "atajuta," "atarudi," shusha mkono. Hapo hukingi mtu tena. Wala usingoje siku hiyo ndiyo uanze kujiuliza. Jizoeze leo, kwenye ugomvi mdogo wa barabarani, kwenye matusi ya jirani, kwa mtoto wako mwenyewe unapotaka kumchapa mara ya pili.

Na ukiwa umekosea, sema. Ningedanganya kituoni, nisingeweza kumtazama usoni mama wa watu, wala nisingeweza kukueleza haya leo.

Wajue majirani zako kwa majina. Weka taa, weka komeo zuri. Ukisikia watu wanakimbia wakiitana kuua, usiwe wa kubeba dumu, uwe wa kusimama mbele. Mtu mmoja anatosha. Mie nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nalia, mtoto kiunoni, na nilitosha.

Mungu akuoneshe watoto wako wakikua, wakicheka ndani ya nyumba uliyoijenga mwenyewe. Akukinge na saa ile usiione kamwe. Na ikikufika, akupe nguvu inayotosha na huruma inayobaki, akutoe salama wewe na wote wanaokutegemea, na atakayekujia kwa ubaya amrudishe kwa mama yake akiwa hai. Amin, mwanangu. Amin.